Tangi la samaki ofisini kwa laki tatu na sitini: kisa cha Jumanne baada ya Nane Nane

Ofisi ni ya wahasibu tisa, ghorofa ya pili, katikati ya Dar es Salaam. Walichanga shilingi 40,000 kila mmoja, zikapatikana 360,000, wakaamua kutengeneza tangi lao la samaki wa mapambo badala ya kununua lililo tayari. Kazi ya vioo ilifanyika vizuri. Tangi halikuvuja kwenye kiungo hata kimoja. Lakini asubuhi ya Jumanne, baada ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, kuangukia Jumatatu, samaki kumi walikutwa wanaelea, zulia limelowa na pampu ya hewa haiwaki.

Kabla ya saa nne kulikuwa na maelezo matatu: maji ya kisima yana chumvi, samaki waliuzwa wakiwa wagonjwa, au kuna mtu kapuliza dawa ya mende. Yote yanawezekana katika tangi lolote la Dar. Katika tangi hili hakuna hata moja lililokuwa chanzo. Chanzo kilikuwa ukutani karibu na mlango: swichi kuu ya umeme.

Ofisi hii hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni, siku tano. Hizo ni saa 50 kati ya 168 za wiki. Saa 118 zilizobaki tangi liko peke yake, na vipimo vyake vyote vinapaswa kuanzia hapo. Wahasibu wetu walipima kwa zile 50.

Tangi lenyewe

Sehemu hii inafaa kuigwa karibu yote, kwa hiyo vipimo vinawekwa hapa kamili. Kioo ni cha milimita 8, kimekatwa na fundi wa vioo na aluminiamu, kingo zote zimesagwa. Kitako kimoja cha sentimita 80 kwa 35. Mbele na nyuma, vipande viwili vya 80 kwa 40. Ubavuni, viwili vya 33.2 kwa 40. Vipande viwili vya kukaza juu, 78 kwa 5. Jumla ni kama mita za mraba 1.26, na hiyo ndiyo namba ya kumpelekea fundi unapouliza bei, kwa sababu wengi huuza kwa mita ya mraba na kutoza kusaga kingo kando.

Kipimo cha 33.2 ndicho kinachokosewa mara nyingi. Kuta husimama juu ya kitako, na za ubavuni huingia kati ya mbele na nyuma. Kwa hiyo 35 toa unene wa vioo viwili, sentimita 1.6, inabaki 33.4, kisha toa milimita moja kila upande kwa ajili ya silikoni. Ukimwambia fundi "ubavu ni 35" atakata 35, na hutagundua mpaka silikoni iwe imeshapakwa.

Kwa nini milimita 8 na si 6, ambayo ni nafuu? Maji yakifika kimo cha sentimita 36, kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50 hivi, usiku na mchana. Kioo cha 6 chenye vipande vya kukaza kinaweza kustahimili urefu huu, lakini akiba yake ya usalama ni ndogo, na ofisini kuna viti vya magurudumu, ndoo za usafi na mabegi ya kompyuta. Hapa si pa kubana bajeti.

Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya ukungu. Ile iliyoandikwa ni ya bafuni au jikoni kwa kawaida imetiwa dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Angalia pia tarehe ya mwisho kwenye bomba, maana silikoni iliyopitwa na wakati hubaki laini kama ubani uliotafunwa na haishiki kamwe. Mabomba mawili yanatosha na kubaki.

Kabla ya kupaka, kingo husafishwa kwa asetoni na hazishikwi tena kwa vidole. Tepu ya karatasi hubandikwa kando ya kila kiungo ili silikoni isisambae. Mstari uwe wa milimita 5, kioo kikandamizwe taratibu mpaka ibaki kama milimita moja kati ya kioo na kioo. Ukikandamiza mpaka vioo vigusane, umeikamua nje silikoni yenyewe inayobeba mzigo. Mbele kwanza, kisha pande mbili, kisha nyuma, yote ndani ya dakika kumi na tano, kwa sababu ngozi ya juu huanza kuganda mapema. Kona za ndani husawazishwa kwa kidole kilicholowa maji, tepu ikatolewa hapohapo. Vipande vya kukaza hubandikwa kesho yake. Kisha siku saba bila kuguswa, mpaka harufu ya siki iishe.

Jaribio la maji hufanyika nje au chooni, si juu ya zulia: theluthi moja, subiri saa moja; theluthi mbili, subiri; kisha jaza na uache saa 48, gazeti kavu likiwa limetandikwa pembeni ya kitako kuonyesha tone lolote. Ikivuja, usipake silikoni mpya juu ya ile iliyokwisha kukauka. Haishikani nayo. Kwangua kiungo chote kwa wembe, safisha, anza upya.

Stendi ni ya skwea paipu ya inchi moja na nusu, urefu na upana sawa na kitako, kimo sentimita 75, juu plaiwudi ya milimita 18, kisha povu la milimita 10 ndipo tangi. Likipimwa lote, maji halisi ni lita 85 hivi (ndani ni 78.4 kwa 33.4 kwa 36, yaani lita 94, ukitoa nafasi ya mchanga na mawe), mchanga kilo 16, mawe kilo 8, vioo kilo 25. Kilo 134 bila stendi. Sakafu ya zege inazibeba bila tatizo likikaa karibu na ukuta au nguzo. Meza ya mbao za kubandika haizibebi, hata kama leo inaonekana imara. Pimamaji iwekwe juu ya stendi kabla ya tangi kupanda, na kama kuna mwinamo, kabari huwekwa chini ya miguu ya stendi, kamwe si chini ya kioo.

Mchanga ulikuwa wa mto, umechekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Uamuzi mzuri. Mchanga wa pwani una chumvi na vipande vya kombe na matumbawe vinavyopandisha ugumu wa maji, na kuuchota ufukweni ni kosa lingine kabisa. Mwenye shaka na mchanga wake adondoshee siki: ukichemka mapovu, una chokaa.

Orodha ilipoharibika

Vioo, kusaga na stendi vilichukua zaidi ya nusu ya fedha. Kilichobaki kikagawanywa kama watu wengi wanavyokigawa: picha ya kubandika nyuma, taa ya LED, mawe ya rangi, pampu moja ya hewa ya wati 4, kichujio kimoja cha spongi, na samaki 22 kwa siku moja. Goldifishi watano, enjeli wanne, gapi tisa, gurami wawili wa buluu, na plekosi wawili, wale weusi wanaonata kwenye kioo. Kivali cha kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa hewa, kitu cha bei ya soda mbili tatu, hakikununuliwa. Pampu iliwekwa kwenye rafu ya chini ya stendi, isionekane.

Maji yalitoka kwenye simtanki la juu ya jengo, ambalo wiki hii hujazwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na wiki ijayo na boza la maji ya kisima, ikitegemea mgao. Yalikaa tangini siku mbili, kisha samaki wakaingia Jumatano. Spongi ilikuwa mpya kabisa, haina bakteria wowote wa kuigeuza amonia inayotoka kwenye mkojo na matamvua ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, pengine tatu kwenye joto la pwani. Samaki 22 kwa spongi mpya ni deni, na deni hili lingelipwa hata umeme ungewaka muda wote. Ila lingelipwa polepole, na kwa namna nyingine.

Wikiendi tatu

Wikiendi ya kwanza, goldifishi wawili walikutwa wamekufa Jumatatu. Ikasemwa samaki wa kununua ndivyo walivyo.

Wikiendi ya pili ilikuwa mwisho wa mwezi. Wahasibu walikuwa wanafunga hesabu, kuna watu walioingia Jumamosi na Jumapili na wengine waliondoka usiku. Hakufa samaki hata mmoja.

Wikiendi ya tatu ndiyo ya Nane Nane. Ofisi ilifungwa Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, ikafunguliwa Jumanne saa moja na nusu asubuhi. Saa 86. Goldifishi watatu waliobaki walikufa wote, enjeli wanne wote, na gapi watatu.

Wikiendi ya pili ndiyo inayofungua kisa hiki. Kama maji yangekuwa mabaya, au samaki wagonjwa, siku zile za kufunga hesabu zisingewasamehe. Amonia ilikuwa inapanda wiki hiyo kama wiki nyingine yoyote. Kilichokuwa tofauti ni watu kuwepo, na watu wakiwepo umeme unawaka. Mmoja wao alishuka kumuuliza mlinzi.

"Mzee, ofisi yetu ikifungwa, umeme wa juu unazimwa?"

"Nazima swichi kuu kila Ijumaa, mwanangu. Ndivyo nilivyoagizwa, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya LUKU."

Hakukosea. Aliagizwa kabla tangi halijakuwepo, na hakuna aliyemwambia kuwa kuna viumbe ndani vinavyotegemea soketi.

Ilivyokuwa baada ya swichi kushuka

Pampu inasimama. Mpira wa hewa umejaa maji mpaka usawa wa tangi, na pampu iko chini ya usawa huo, kwa hiyo maji yanaanza kutambaa kurudi nyuma kama yanavyofyonzwa kwa mpira kutoka kwenye pipa. Yanaingia ndani ya pampu, yanatokea kwenye tundu lake la hewa, yanadondoka kwenye rafu na zuliani. Hapo ndipo lilipotoka lile dimbwi, na ndiyo sababu pampu haikuwaka Jumanne umeme uliporudi. Zaidi ya hapo, waya wake ulishuka moja kwa moja hadi kwenye eksitensheni iliyolala sakafuni. Kwamba hakuna aliyepigwa shoti ni bahati tupu.

Tangini, hewa haipandi tena, na uso wa maji umetulia. Maji ya nyuzi 26 hayabebi zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita hata yakiwa yameshiba, na kadiri joto linavyopanda ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Samaki 20 wanaivuta. Mabaki ya chakula cha Ijumaa, ambacho watu kadhaa walitupia kila mmoja kwa wakati wake, yanaoza na kuivuta pia. Mimea miwili ya majini, gizani na mapazia yakiwa yamefungwa, haitoi oksijeni, inatumia. Na spongi, isiyopitiwa na maji, inaishiwa hewa ndani yake baada ya saa chache. Bakteria wachache walioanza kujishikiza wanakufa, na uozo wa ndani unarudi majini.

Iliyofundisha zaidi ni orodha ya waliopona: gapi sita, gurami wote wawili, plekosi wote wawili. Gurami ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Plekosi humeza hewa na kuitumia tumboni maji yanapokosa oksijeni. Gapi ni wadogo na midomo yao imeelekea juu, huramba utando wa juu kabisa wa maji ambao bado una hewa. Goldifishi ni mlaji mkubwa wa oksijeni, tena ni samaki wa maji ya baridi. Wao na enjeli walikwisha. Dawa ya kupuliza isingechagua hivi, na amonia pia isingechagua hivi. Kukosa hewa ndiko kunakochagua hivi.

Amonia ilikuwepo, hata hivyo, na haipaswi kuachwa nje. Kipimo cha matone Jumanne kilisoma miligramu 2 kwa lita, na pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) 8.0. Maji yaliyokuwa yamewekwa akiba kwenye ndoo yalisoma pH ileile, kwa hiyo maji ya simtanki hayakugeuka ghafla wikiendi hiyo. Lakini pH hiyo ina uzito wake: kwenye nyuzi 26, pH ikiwa 7, chini ya asilimia moja ya amonia yote iko katika umbo lenye sumu, pH ikiwa 8, ni karibu asilimia 6. Amonia ileile, sumu mara tisa. Ndiyo maana mtu wa Dar mwenye maji ya kisima hawezi kunakili idadi ya samaki kutoka kwa mtu mwenye maji laini.

Kosa la pili, lile la Jumanne

Waliposhtuka walifanya usafi mkubwa. Maji yote yakamwagwa, mchanga ukaoshwa, spongi ikasuguliwa chini ya bomba mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Hivyo ndivyo kila mtu angefanya, na ndivyo isivyotakiwa. Spongi ile ilikuwa na bakteria kidogo waliobaki, na klorini ya bomba ikawamaliza. Gapi wawili zaidi walikufa kufikia Alhamisi, safari hii kwa amonia pekee.

Asubuhi kama ile, kazi ina mpangilio wake. Toa waliokufa. Toa spongi kabla ya kuwasha chochote, ikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo yenye maji ya tangini, maji hayo machafu yamwagwe, spongi irudi. Badili lita 40, yaani ndoo mbili, kwa maji yaliyokwisha kukaa, ukiyamimina kutoka juu kidogo ili yapige uso na kuingiza hewa. Kesho yake ndoo moja zaidi, na keshokutwa moja. Chakula hakuna kwa siku tatu. Mchanga usiguswe.

Umeme

Marekebisho yalianza kwenye umeme, na sehemu kubwa haikugharimu kitu. Ofisi nyingi zina sakiti isiyozimwa hata swichi za taa na viyoyozi zikishuka: ya kamera, ruta na friji. Hapa fundi umeme aliitenganisha sakiti ya kamera isipite kwenye swichi anayoizima mlinzi, na tangi likaunganishwa hapo, likiwa na breka inayokata umeme unapovuja. Hofu ya bili haina msingi: pampu ya wati 4 ikiwaka mwezi mzima, saa 24, haifiki uniti 3. Taa haimo kwenye hesabu hiyo. Ina kipima muda, saa saba kwa siku, na wikiendi haina haja ya kuwaka.

Pampu ilipandishwa juu ya usawa wa maji, kwenye ndoano ukutani, na vali ya kuzuia maji kurudi ikawekwa pia kwenye mpira wake. Ukiwa na kimoja kati ya hivyo viwili unatosheka. Ukiwa na vyote unalala. Eksitensheni ilitolewa sakafuni na kila waya ukaachwa uning'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayotambaa juu ya waya yadondoke hapo kwenye kitanzi.

Hata hivyo LUKU inaweza kuisha Jumamosi usiku, na TANESCO inaweza kukata. Kwa hiyo kuna pampu ya pili, ndogo, ya USB, inayotumia wati 1. Inaunganishwa na pawabenki ya mAh 20,000 kila Ijumaa jioni na mtu wa mwisho kutoka, umeme uwepo usiwepo. Hesabu yake: ampia-saa 20 mara volti 3.7 ni wati-saa 74. Ukitoa upotevu wa kupandisha volti, zinabaki za kutosha saa 55 hivi. Hazifiki zote 62 za wikiendi ya kawaida, lakini pengo ni la saa saba za mwisho tu, na litaonekana iwapo tu pampu kubwa imezimika katika saa hizo. Kwa sikukuu ndefu pawabenki ni mbili, mmoja wa wahasibu akipita katikati kubadili. Tahadhari moja tu: pawabenki nyingi hujizima zenyewe zinapoona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, zikidhani simu imeshajaa. Iliyonunuliwa kwanza ilijizima baada ya dakika chache. Jaribu yako usiku wa katikati ya wiki, uikague asubuhi, kabla ya kuiamini Ijumaa.

Kichujio na samaki

Spongi sasa ni mbili, kila moja kwenye kipande cha bomba la PVC la robo tatu inchi chenye urefu wa sentimita 30, chini likiwa limetobolewa matundu na kufungiwa jiwe lisielee. Mpira wa hewa huingia karibu na mguu wa bomba. Mapovu yakipanda huvuta maji kupitia spongi. Ni kichujio cha bei ndogo kuliko vyote na hakina kitu cha kuharibika ndani ya maji. Huoshwa moja baada ya nyingine kila wiki mbili, daima kwenye maji yaliyotolewa tangini.

Zilikomazwa kwa njia ya haraka. Muuza samaki alikubali moja ikae wiki tatu kwenye tangi lake linaloendelea vizuri, na ilipohamishwa ofisini ikatangulia pamoja na gapi wanne waliopona. Kuombwa kitu kama hiki huwashangaza wauzaji, lakini wengi hawakatai, hasa ukiwa mteja unayerudi. Kuna hatari ya kuhamisha na ugonjwa, kwa hiyo chagua tangi ambalo samaki wake umewaona wazima mara mbili, siku tofauti.

Orodha ya samaki ilikatwa kwa zaidi ya nusu, ikachaguliwa kwa kigezo cha saa zile 118. Gurami watatu, dume mmoja na majike wawili, kwa sababu wanavuta hewa ya juu. Moli sita, wote madume, kwa sababu moli huvumilia maji magumu yenye chumvichumvi kuliko samaki wengi wa dukani, na madume peke yao hawataijaza ofisi vifaranga. Plekosi walirudishwa dukani: wakiwa wadogo wanapendeza, lakini aina inayouzwa sana hupita sentimita 30, na tangi hili lina upana wa 33. Gapi wale wanne walipata makazi nyumbani kwa mmoja wa wahasibu. Kuna aliyependekeza kambare, kwa kuwa naye huvuta hewa. Kweli, na angewala moli wote kabla ya Krismasi.

Wameingia kwa mafungu, watatu kwanza, wengine baada ya wiki mbili mbili, na kila fungu likitanguliwa na kipimo cha amonia na nitriti vikisoma sifuri.

Kuna jaribio moja linalofaa kufanywa na kila mwenye tangi la ofisini kabla ya kuongeza samaki. Siku ya kazi, zima pampu zote saa mbili asubuhi na uwe unalitazama tangi kila nusu saa. Wakianza kukusanyika juu, midomo ikifunguka na kufunga kwa kasi, washa na uandike ni saa ngapi. Hapa moli ndio wa kutazamwa, maana gurami hupanda kuvuta hewa kwa mazoea. Wakifika saa kumi jioni wakiwa watulivu, idadi inakubalika. Ilipofanywa na moli wote sita, walifika.

Maji, chakula, na dawa ya mende

Mabadiliko ya maji ni ndoo moja ya lita 20 kila Jumanne, karibu robo ya maji yote. Si Ijumaa. Chochote kikikosewa Jumanne kitaonekana Jumatano. Kikikosewa Ijumaa kitaonekana Jumatatu. Maji hutoka kwenye pipa la lita 60 lenye mfuniko, stoo, linalojazwa Alhamisi na kuachwa na jiwe la hewa hadi Jumanne. Klorini inatoka, joto linalingana, na boza likibadilika wiki hiyo, kipimo kidogo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) kinaonyesha kabla maji hayajafika kwa samaki. Namba ikiwa imeruka sana, hubadilishwa lita 10 kwa mara mbili badala ya 20 kwa mara moja.

Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza moja kwa moja juu ya tangi. Pepeo lake limegeuzwa, na mfuniko wa polikaboneti umewekwa, ukiwa na uwazi wa vidole viwili nyuma kwa ajili ya mipira na hewa. Bila mfuniko, upepo mkavu wa kiyoyozi unakausha maji kwa kasi, na kinachokauka ni maji tu. Chumvi inabaki na kuzidi. Kwa hiyo yanayopungua kwa kukauka hujazwa kwa maji ya DAWASA pekee.

Chakula kilikuwa kwenye kaunta, kila anayepita akitupa kidogo. Sasa kiko ndani ya kiboksi cha vidonge vya wiki, kile chenye vyumba saba, ambacho huuzwa famasi. Kinajazwa vyumba vitano tu, Jumatatu mpaka Ijumaa, kiasi cha kuliwa ndani ya dakika mbili. Chumba kikiwa kitupu, wamekula. Jumamosi na Jumapili havina kitu kwa makusudi: samaki wazima hawadhuriki kwa siku mbili za njaa, hata wiki, ila wanadhurika kwa chakula kilichooza wakati hakuna mtu.

Dawa za kupuliza hazikuua mara hii, lakini zingeweza siku yoyote. Nyingi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa samaki ni sumu kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa ni mashine ya kuvuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji. Siku ya kupulizia ofisi pampu zote zinazimwa, tangi linafunikwa kwa nailoni pande zote, madirisha yanafunguliwa baadaye kwa saa mbili, ndipo nailoni inatoka. Kwa samaki tisa, saa mbili tatu bila pampu hazina shida. Jaribio lile la saa mbili asubuhi lilishaonyesha.

Karatasi mbili zimebandikwa. Moja iko kwenye kisanduku cha swichi, kwa maandishi makubwa, ikionyesha kwa mshale breka isiyozimwa, na mlinzi alielezwa kwa mdomo pia, yeye na mwenzake wa zamu ya usiku. Nyingine iko ndani ya mlango wa stoo, kwa anayetoka wa mwisho Ijumaa: unganisha pawabenki, angalia mapovu yanatoka pampu zote mbili, angalia uniti za LUKU, chakula usiweke.

Uniti zikiwa chini ya kumi, hanunui kesho. Ananunua kabla hajafunga mlango.